Saa Nane Kamili

Wiki tatu nimehesabu taa za shule ambayo haijajengwa.
Kalamu ya njano kwa soketi, ya kijani kwa swichi,
nyekundu kwa kengele za moto.
Michoro kumi na tisa imelala mezani kama shuka za mgonjwa,
nami naigeuza, naigeuza,
nikipima kwa rula safari ya kila waya
kutoka chumba cha umeme hadi darasa la mwisho
ambako mtoto asiyezaliwa bado
atabonyeza swichi bila kuuliza mwanga umepitia wapi.

Nje ni Duluth, Februari. Ziwa limeganda.
Kibao mlangoni kinasema Haapala na Wana.
Baba alikichora kabla hatujazaliwa;
akanipata mimi, kisha Lempi, kisha akaacha kungoja.
Kibao hakikubadilishwa. Rangi ni ghali, alisema.

Watu husema biashara asubuhi.
Hii yetu ni saa nane mchana, kamili,
kwenye kaunta ya ofisi ya elimu,
na anayefika saa nane na dakika moja
hurudishiwa bahasha yake haijafunguliwa.

Wakandarasi wakuu ni watano, wote wanangoja namba yangu.
Wao ndio watakaoingia na bahasha.
Sisi wa nyaya, wa mabomba, wa vigae,
tumekunjwa ndani ya jumla yao, hatutajwi majina.

Stensrud simpigii mapema.
Ukimpa bei saa tano, saa sita washindani wako wanayo,
na saa saba anakupigia kwa sauti ya asali:
"Helmi, kuna mwenzio yuko chini yako kidogo."
Mwenzio huyo ameshukia ngazi yangu.

Saa saba na robo. Bei ya taa haijaja.
Muuzaji wa Minneapolis anasema, dakika tano.
Dakika tano zake nazijua: zina mikia.
Shaba imepanda tangu Jumatatu.
Nyongeza Namba Nne iliingia jana usiku,
imehamisha jenereta kutoka uani hadi juu ya paa
kama mtu anavyosogeza kiti.

Naandika barua.
Ndani ya bei: nyaya, paneli, taa, jasho.
Nje ya bei: kuchimba mtaro. Kuzoa theluji.
Winchi ya kupandishia hiyo jenereta.
Baba hakuniachia hekima nyingi, ila hii:
kesi zote alizoshinda alizishinda kwa ukurasa wa pili,
pale panapoanza neno "isipokuwa".

Saa saba na dakika arobaini na moja, taa zimekuja.
Najumlisha. Naweka faida asilimia sita,
naitazama, naishusha kuwa nne,
namkumbuka Toivo na goti lake, naipandisha tano.
Hiyo ndiyo sayansi yote.

Kisha simu tano, namba ile ile, pumzi ile ile.
Stensrud wa mwisho, saa nane kasoro dakika sita,
hana tena muda wa kutembea nayo.
Naisikia kalamu yake ikikwaruza.
"Nyongeza ya Nne umeijumuisha?"
"Nimeijumuisha."

Saa nane.
Kahawa ina ngozi juu yake.
Lempi anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Saa tisa na nusu simu inalia. Ni Solveig Brekke;
kazi ni yake, na umeme ni wetu.
"Hongera," anasema, "ninyi ndio wa chini kabisa."
Lempi ameutupa ufagio, anacheza peke yake.
Mimi nauliza, "Chini kwa kiasi gani?"
Solveig anakohoa. Anakitaja.

Naweka simu chini polepole, kama yai.
Naivuta tena michoro,
nachukua kalamu ya njano,
naanza upya, chumba kwa chumba,
kulitafuta darasa nililoliacha gizani.